Vietnam inanunua, ndiyo maana inauza

Safu ya Mwalimu wa Biashara: majibu kwa barua za wasomaji

Nimechagua barua nne zinazouliza jambo moja kwa sauti tofauti. Walioniandikia kuhusu bei ya dola wavumilie hadi toleo lijalo.

SWALI: *Shikamoo mwalimu. Ni kijana wa Newala, nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa EGM (uchumi, jiografia na hisabati). Baba yangu ana mikorosho na kila mwaka mnada ukifika nyumbani hakulaliki. Nimesoma kwamba Vietnam ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza korosho zilizobanguliwa, na nyingi hainunui kwingine ila Afrika, zetu zikiwamo. Nchi ile ilikuwa vitani mpaka 1975, sisi tulikuwa na amani. Kwa nini serikali isipige marufuku kuuza korosho ghafi, zote zibanguliwe hapa hapa?*

JIBU: Marahaba mwanangu. Hasira yako naijua. Mwanzoni mwa miaka ya 80, kabla sijawa mwalimu, nilikuwa karani wa madaraja katika kiwanda kimoja cha korosho huko huko kusini. Kina mama walikaa pande mbili za meza ndefu, mikono imepakwa majivu ili mafuta ya ganda yasiwaunguze, nami napita na daftari: nzima ngapi, nusu ngapi, vipande vingapi. Nchi ilikuwa na viwanda 12 vya namna hiyo, vimejengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia, mitambo imetoka Italia na Japani. Vilichokosa ni korosho. Msimu wa 1973/74 tulivuna tani kama 145,000. Msimu wa 1986/87 hata 20,000 hazikufika. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa wakaiacha mikorosho mbali, bei ya mkulima ikawa ya kukatisha tamaa, na ugonjwa wa ubwiri unga ukamalizia kilichobaki. Kiwanda chetu kikawa ghala.

Kwa hiyo anayesema "tujenge viwanda" mwulize kwanza vile 12 viliuawa na nini. Mitambo ilikuwepo, mikono yenye ujuzi ilikuwepo. Lakini vilitegemea zao la nchi moja, la miezi mitatu, na zao hilo lilipoanguka havikuwa na pa kwenda.

Sasa Vietnam. Mwaka 1986, wakati sisi tunafunga, chama chao kilipitisha mageuzi wanayoyaita Doi Moi: mkulima akaachiwa shamba na mavuno yake, mfanyabiashara akaruhusiwa, na wageni wakakaribishwa kuwekeza. Mwanzoni nao waliuza korosho ghafi kwa Wahindi, kama sisi. Wabanguaji wa Kollam, huko Kerala, wamekula jasho la mikorosho ya Afrika Mashariki tangu zama za ukoloni. Katika miaka ya 90 Wavietnam wakaanza kubangua wenyewe, na kufikia 2006 walikuwa wameipita India kwa kuuza nje korosho karanga, yaani zilizokwisha kubanguliwa.

Wasomaji wengi hudhani walifanikiwa kwa kujifungia zao lao. Mashamba yao hayatoi hata tani nusu milioni kwa mwaka. Viwanda vyao, vingi vikiwa upande wa Binh Phuoc, vinameza zaidi ya tani milioni 2 za ghafi, karibu zote za kununua nje: Kambodia, Ivory Coast, Nigeria, Ghana, Tanzania, Msumbiji. Mwaka 2024 waliuza nje korosho za zaidi ya dola bilioni 4. Hiyo ni nchi inayoagiza korosho kuliko nchi nyingine yoyote, na hapo ndipo ninapotaka uweke kidole.

Tazama kalenda. Afrika Magharibi na Kambodia huvuna kuanzia Februari hadi Mei au Juni. Sisi na Msumbiji huvuna kuanzia Oktoba, wakati maghala ya wengine yameanza kuwa matupu. Mwenye kiwanda Binh Phuoc hununua mzigo wa Abidjan, anaubangua, anauuza, anarudisha fedha, kisha ananunua mzigo wa Mtwara. Fedha ile ile inazunguka zaidi ya mara moja kwa mwaka na mashine hazipoi. Mwenye kiwanda wa Mtwara hana budi kununua ndani ya wiki chache za mnada korosho za kumtosha hadi Septemba, akishindana na wanunuzi hao hao wa Vietnam na India, kwa mkopo wa benki wenye riba ya asilimia 15 au zaidi. Korosho zinakaa ghalani, riba inapanda kila mwezi. Nimesikia watu wakimwita mvivu. Mpe Mvietnam mkopo ule na kalenda ile uone atafika wapi.

Kisha kuna mafundi. Kina mama wetu walibangua kwa mkono na kigongo. Wavietnam nao walianza hivyo. Lakini karakana zao ndogo zilikuwa karibu na viwanda, zikatengeneza mashine za kubangua, za kumenya ngozi ya ndani, za kuchambua kwa rangi, mbovu mwanzoni, bora kidogo mwaka uliofuata. Leo mashine hizo wanatuuzia sisi Waafrika. Mitambo yetu ya Italia ilipoharibika tulisubiri fundi apande ndege.

Marufuku? Tuangalie waliojaribu. Kenya ilipiga marufuku kuuza korosho ghafi mwaka 2009. Wabanguaji wachache wakabaki peke yao mbele ya mkulima wa Kilifi na Kwale, na mkulima mwenye mnunuzi mmoja hana bei ya kujadili. Zao halikufufuka kama ilivyoahidiwa. Upande wa pili wa Ruvuma walifanya kinyume: mwaka 1995 Benki ya Dunia iliibana Msumbiji ipunguze ushuru wa kuuza ghafi nje, kwa hoja kwamba mkulima angepata bei nzuri. Viwanda vikafungwa, maelfu wakakosa kazi, wengi wao wanawake. Wachumi watatu, akiwamo Dani Rodrik, walipopiga hesabu waligundua kwamba kaya ya mkulima ilipata nyongeza ya wastani wa dola 5 na senti kadhaa. Kwa mwaka. Sehemu nyingine ya faida ilikwenda kwa wafanyabiashara wa kati na kwa wanunuzi wa India.

Umeona? Mmoja alifunga, mwingine alifungua, na wote wawili mkulima wao alibaki pale pale. Ndiyo maana mabishano ya "tufungue au tufunge" yananichosha, hata yakifanywa na watu wenye shahada.

Na sisi wenyewe tuna mwaka 2018. Wakulima waligoma kuuza kwa bei ya mnada, Rais Magufuli akaamua serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kubeba. Baba yako anaikumbuka vizuri kuliko mimi. Bei ilikuwa nzuri kwenye karatasi, lakini kuna waliosubiri malipo muda mrefu, na serikali ikajikuta na mlima wa korosho ghafi katika nchi isiyo na uwezo wa kuzibangua zote. Hapo marufuku yako ilikuwa imeshajaribiwa, bila kuitwa marufuku.

Mimi ningefanya hivi. Ushuru wa kuuza ghafi nje upo tayari, asilimia 15 au dola 160 kwa tani, inayozidi kati ya hizo. Sitaki uongezwe. Nataka sehemu yake nono irudi kwa wabanguaji kama mtaji wa riba nafuu wa kununulia Oktoba. Nataka pia kiwanda cha Mtwara kiweze kushusha korosho za Ghana mwezi Machi bila kuzungushwa bandarini. Najua sentensi hiyo ya mwisho itanitafutia maadui Newala. Mkulima atasema korosho za nje zitashusha bei yake. Lakini za Ghana zinafika wakati zake zimeshauzwa, na kiwanda kilichofanya kazi mwaka mzima ndicho kitakachokuwa na fedha za kushindana na Mvietnam kwenye mnada wake.

Usiwaone Wavietnam kama malaika, vilevile. Korosho karanga zao nyingi huondoka bila jina, kwenye makasha ya ratili 50 (kama kilo 23). Chumvi, kopo na nembo hutiwa Marekani na Ulaya, na kwenye nembo ndiko faida nene iliko. Kwa bidhaa nyingine hali ni hiyo hiyo. Samsung inaunganisha simu Bac Ninh tangu 2009, na makampuni ya kigeni hutoa kama asilimia 70 ya vyote Vietnam inavyouza nje. Wamepanda ngazi, ila wamesimama katikati yake, na wanalijua hilo.

SWALI: *Assalam aleikum mwalimu. Mimi ni fundi cherehani Kongowea, Mombasa. Mitumba imetuua. Rwanda walifunga, sisi tukaogopa Marekani. Tukifunga leo, nitapata kazi kama mafundi wa Bangladesh?*

JIBU: Waaleikum salaam dada. Sidhani, na nitakwambia kwa nini.

Kwanza tuikumbuke kesi yenyewe. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua hadi 2019. Chama cha wauza mitumba wa Marekani kikalalamika kwa serikali yao, nayo ikatukumbusha AGOA, ule mpango wa mwaka 2000 wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru. Kenya ikarudi nyuma mapema, Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ikakaza, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha huo. Rwanda ilistahili sifa, lakini nguo ilizokuwa ikiuza Marekani zilikuwa kidogo. Kenya ina viwanda vya Athi River na kwingine vyenye maelfu ya wafanyakazi wanaoishi kwa oda za Marekani. Ujasiri una bei, na nchi hizi hazikuuziwa kwa bei moja.

Sasa Bangladesh. Mwishoni mwa miaka ya 70 kampuni ya Desh ya huko ilisaini mkataba wa ushirikiano na Daewoo ya Korea Kusini, ikapeleka watu 130 Busan kujifunza kushona, kupanga mstari wa kazi, kukagua, kuwaandikia wateja. Daewoo haikufanya sadaka. Tangu 1974 nchi tajiri zilikuwa zimeiwekea Korea kikomo cha nguo za kuuza, Bangladesh haikuwa na kikomo, kwa hiyo Wakorea walihitaji mlango wa jirani. Kilichonifurahisha ni kilichofuata: ndani ya miaka michache wengi wa wale 130 waliiacha Desh, wakafungua viwanda vyao au kwenda kuviendesha vya wengine. Kampuni ilipoteza watu, nchi ikapata tasnia. Sisi mfanyakazi akiondoka na ujuzi twasema kaiba.

Jambo la pili ni kitambaa. Bangladesh haikuwa na kitambaa cha kutosha, ikakiagiza. Serikali iliruhusu kitambaa kiingie ghala la forodha bila ushuru mradi kitoke kikiwa shati, na benki zikakubali oda ya mteja wa New York iwe dhamana ya kununulia kitambaa hicho. Mtu mwenye oda na cherehani, asiye na mtaji, akaweza kuanza. Leo zaidi ya asilimia 80 ya mauzo yao ya nje ni nguo. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza liliwaporomokea washonaji, wakafa zaidi ya 1,100. Siku moja kabla, nyufa zilikuwa zimeonekana ukutani, na bado walilazimishwa kurudi kazini. Hilo nalo limo ndani ya bei ya shati, na yeyote anayetuhimiza tuwaige aanze na wakaguzi wa majengo.

Tukirudi Kongowea: mitumba ikifungwa kesho, naona pengo litazibwa na nguo mpya za bei rahisi kutoka China kabla wewe hujapata oda ya kwanza. Kinachokuumiza zaidi, nijuavyo mimi, ni bei ya zipu, uzi, vifungo na kitambaa vinapoingia kwa rejareja vikiwa vimeshalipiwa ushuru wote, huku kiwanda cha eneo huru la mauzo ya nje kikiviingiza bure. Pigania hilo na wenzako. Sare za shule na za askari pia; serikali ya kaunti ni mteja aliye mlangoni kwenu na hahitaji viza.

SWALI: *Bi Mwalimu, nakuandikia kutoka Muscat; wazee wangu walihama Unguja. Huku twatazama Dubai ilivyokua. Zanzibar ina bahari ile ile. Nini kilituzuia?*

JIBU: Ndugu yangu, Zanzibar ilishakuwa Dubai, karne moja na zaidi kabla. Sayyid Said alisaini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, ushuru wa bidhaa zinazoingia ukawekwa asilimia 5, na kufika 1837 Wamarekani walikuwa na konsuli wao Unguja. Mabaharia wa Salem, Massachusetts, walileta shuka za merikani na kuondoka na pembe, sandarusi na ngozi. Mwaka 1840 merikebu yake iliyoitwa Sultana ilitia nanga New York. Bandari ilikuwa ikinunua huku na kuuza kule, sawasawa na Jebel Ali, bandari ya Dubai ya leo. Tusisahau pia kwamba nyuma ya pembe na karafuu kulikuwa na biashara ya watumwa. Utajiri ule haukuwa na mikono safi.

Kilichotokea ni kwamba bara lililolisha bandari hiyo liligawanywa na Wajerumani na Waingereza. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ikaelekeza mzigo wa bara upande wake, na Dar es Salaam ikapata ya kwake. Bandari ya kupitishia bidhaa ikikosa bara hubaki na samaki. Dubai ilipata mafuta mwaka 1966, si mengi kama ya Abu Dhabi, ikayatumia kujenga bandari mapema: Jebel Ali mwaka 1979, na eneo huru lake mwaka 1985. Halafu ikawa na majirani wakubwa wanaohitaji mlango: Iran, India, Saudia. Nawahurumia wanaotaka kuiga maghorofa. Cha kuiga ni kasi ya kontena kutoka melini hadi getini, na hilo halihitaji jangwa wala mafuta.

SWALI: *Shikamoo mwalimu. Sisi ni kikundi cha akina mama Masasi. Kuna mfadhili ametuahidi mashine ya kubangulia korosho. Anasema soko la Ulaya liko wazi. Tuanze na nini?*

JIBU: Marahaba wanangu. Mfadhili hajadanganya: tangu 2001 Ulaya haitozi ushuru bidhaa za nchi maskini zaidi kama yetu, isipokuwa silaha. Lakini Ulaya hununua kwa kontena. Kontena la futi 20 hubeba makasha kama 700 ya ratili 50, yaani karibu tani 16 za korosho karanga. Kwa kuwa kilo 4 hadi 5 za ghafi hutoa kilo 1 ya karanga, mtahitaji kama tani 70 za ghafi kujaza kontena moja. Zidisheni kwa bei ya mnada uliopita mwone kama mashine ndilo tatizo lenu la kwanza.

Pili, sampuli. Kabla ya kununua gunia lolote, chukueni kilo moja kutoka magunia tofauti, kateni, pimeni karanga nzuri, zilizosinyaa na zenye madoa. Wanunuzi wakubwa huhesabu ratili za karanga kwa gunia la kilo 80. Nanyi hesabuni hivyo hivyo, ili asiwaambie mtu kwamba mzigo wenu ni mbovu huku amewaficha kipimo. Wakati wa kubangua, utajiri uko kwenye nzima. Daraja la W320, yaani karanga 300 hadi 320 kwa ratili, ndilo linalotembea zaidi sokoni. Vipande vinauzwa kwa bei ya huruma. Mashine inayokwenda haraka ikivunja nusu ya karanga ni hasara yenye injini.

Tatu, anzeni na hoteli za Unguja na maduka ya Dar es Salaam. Hapo karanga hukaangwa, hutiwa chumvi na kufungwa na nyinyi wenyewe, kwa jina lenu, kazi ambayo hata Wavietnam wengi bado hawaifanyi.

Na kwa mfadhili: mwombeni anunue mashine ndogo zaidi, fedha inayobaki iwekwe benki iwe ya kununulia ghafi Oktoba. Akisema sheria za mradi wake haziruhusu kununua korosho, zinaruhusu vyuma tu, msisaini siku hiyo. Niandikieni mniambie amejibu nini.